Fedha ya Kibo: Habari za Safari ya Watu wa Machame

Machame iko katika mteremko wa kusini-magharibi wa Kilimanjaro. Mtu asimamaye huko alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, huona juu ya migomba na msitu kilele cha Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, na juu ya kilele hicho weupe. Weupe huo umepata majina mengi. Wako waliouita baridi, wako waliouita kibo, na wengine wakauita theluji. Na katika zama za Mangi Rengua, kabla Mzungu yeyote hajaandika kuwa ameuona, walikuwako waliotumaini ya kuwa ni fedha. Tumaini hilo halikuishia katika maneno ya barazani, kwa kuwa Mangi alituma watu wapande kuutazama na kumletea habari zake.

Safari hiyo hutajwa katika vitabu vya historia ya Kilimanjaro kwa mistari miwili au mitatu, na mara nyingi kama kisa cha kushangaza tu: watu walikwenda kutafuta madini wakaikuta theluji. Hata hivyo, mtu akiitazama kwa makini, pamoja na maneno yaliyotumiwa kuisimulia, ataona ya kuwa ilikuwa utafiti wa kweli. Ilikuwa na swali, ilipata jibu, na jibu hilo lilikuwa sahihi. Ila gharama yake ilikuwa kubwa mno, na waliolipa gharama hiyo hawakuhesabiwa miongoni mwa wagunduzi.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini swali lenyewe halikuwa la upuuzi. Fikira ya kuwa bara iliyo nyuma ya Mombasa ina madini ya thamani ni ya zamani. Katika mwaka wa 1519 Mhispania Martín Fernández de Enciso alichapisha mjini Sevilla kitabu cha jiografia, na humo alitaja mlima mrefu sana ulio magharibi ya Mombasa, akauita Olimpo ya Ethiopia, akasema ya kuwa nchi ile ina dhahabu nyingi. Aliandika kwa habari za kusikia. Lakini habari hizo zilikuwa na asili yake, kwani kwa karne kadhaa dhahabu ya bara ya kusini ilikuwa imefika Sofala, ikachukuliwa kwa majahazi hadi Kilwa, na kuitajirisha Kilwa. Mtu wa pwani aliyesikia ya kuwa barani uko mlima unaong'aa hakuwa mjinga kukumbuka madini, maana utajiri wa miji ya pwani uliwahi kutoka barani vivyo hivyo.

Huko Machame nako madini hayakuwa jambo geni. Wahunzi wa Uchagani walifua majembe, mikuki na visu kwa chuma kilichotoka Ugweno, katika milima ya Upare ya kaskazini. Chuma kilijulikana tangu udongo wake hadi makali ya mkuki. Fedha haikujulikana hivyo. Fedha ilitoka pwani pamoja na misafara, nayo ilikuja ikiwa imekwisha fanyizwa: bangili, pete, mkufu, au riale yenye sura ya malkia wa Austria. Jina lake lenyewe, fedha, ni la Kiarabu, kama yalivyo majina ya dhahabu na madini. Na sonara aliyeifua alipewa jina lililotoka Bara Hindi. Kwa hiyo mtu wa bara aliijua fedha kwa mng'ao wake tu. Namna inavyolala ardhini, katika mwamba, kabla haijaguswa na nyundo wala moto, hakuwako aliyemweleza.

Mangi Rengua alitawala Machame katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na chini yake Machame ilipata nguvu kubwa miongoni mwa nchi za Wachaga. Habari za safari aliyoituma zilifika katika maandishi kwa mkono wa Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, ambaye alikaa Rabai karibu na Mombasa. Rebmann alifika Machame katika safari yake ya pili ya Uchagani, iliyoanza Novemba 1848 na kwisha mapema mwaka wa 1849. Wakati huo Rengua alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Mamkinga alikuwa ndiye Mangi. Katika kitabu cha Ludwig Krapf kilichotoka mwaka wa 1860, ambamo habari za Rebmann zimo, jina la Mangi yule limeandikwa Rungua.

Habari zenyewe ni fupi. Mangi alituma kundi kubwa la watu wakachunguze asili ya ule weupe, kwa kutumaini ya kuwa ni fedha au kitu cha namna hiyo. Wakapanda. Katika kundi zima alirudi mtu mmoja, ambaye jina lake limehifadhiwa kuwa Sabaya. Mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi. Ndiye aliyempasha Mangi habari ya wenziwe, ya kuwa wameangamia, baadhi kwa baridi na baadhi kwa hofu, kwa kuwa maumivu yaliyowapata waliyadhani kuwa ni kazi ya pepo wa mlima.

Ni rahisi kwa msomaji wa leo kuwacheka watu hao kwa kuwataja pepo. Lakini na atazame walichokutana nacho. Mtu wa Machame huijua baridi ya asubuhi na ya majira ya mvua. Ni baridi inayoondoka kwa moto na kwa jua. Juu ya mita 4,000 usiku huwa chini ya kiwango cha kuganda kwa maji, na pumzi huwa nzito hata kwa mtu aliyekaa kitako. Aliyepanda bila viatu wala mavazi mazito huona kwanza vidole vikiuma, kisha haviumi tena, kisha hubadilika rangi na kufa, naye mwenyewe yu hai. Katika maisha ya watu wa migombani halikuwako jambo lililofanana na hilo: kiungo kufa bila jeraha, bila moto, bila sumu. Walipomtaja pepo walikuwa wakisema ya kuwa wamepigwa na adui asiyeonekana. Kwa maneno waliyokuwa nayo, hiyo ilikuwa habari ya kweli.

Jambo la pili lililoletwa kutoka juu linahusu kitu chenyewe. Krapf ameandika, miongoni mwa habari zilizopatikana kwa wenyeji, ya kuwa weupe ule uliofanana na fedha, ulipoteremshwa ndani ya chupa, ulionekana kuwa ni maji matupu. Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Mtu apimaye madini hutwaa kipande, hukitenga na mahali pake, kisha hutazama kinakuwaje. Fedha huyeyuka katika moto wa nyuzi 962 za sentigredi, na dhahabu katika nyuzi 1,064. Sonara huyapima kwa moto huo, na yanapopoa hurudi kuwa yalivyokuwa. Weupe wa Kibo haukuhitaji tanuri. Uliyeyuka njiani, na ulipoyeyuka haukurudi tena. Kiswahili chatumia kitenzi kimoja, *kuyeyuka*, kwa fedha na kwa theluji, na kweli kipimo kilikuwa kimoja. Sampuli ilijaribiwa, nayo ikakataa kuwa madini.

Kwa hiyo wako watu wa Uchagani waliokwisha kujua, kabla ya ubishi wa wataalamu wa Ulaya kuanza, ya kuwa juu ya mlima pana kitu cheupe, cha baridi kali iuayo viungo, ambacho kikiteremshwa huwa maji. Hiyo ni maana kamili ya theluji. Walichokosa ni neno tu.

Suala hilo la neno lilikuwa na matokeo makubwa. Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwa safari yake ya kwanza, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliuona mlima, na juu yake kitu cheupe ambacho kwanza alikidhani kuwa wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, alijibiwa kwa neno ambalo aliliandika *beredi*, yaani baridi. Rebmann alizaliwa Württemberg, ambako theluji huanguka kila mwaka, naye akafahamu mara moja. Katika jibu lile kitu kimetajwa kwa tendo lake: weupe ule ni kile kinachofanya baridi. Lakini msomaji aliyeko London, asiyejua namna Kiswahili kinavyokitaja kitu kigeni, angeweza kusema ya kuwa kiongozi hakutaja theluji hata kidogo.

Majina yote ya weupe huo yanastahili kuwekwa pamoja. *Fedha* latokana na macho: lataja rangi, mng'ao na thamani. *Baridi* latokana na mwili: lataja maumivu. *Maji* latokana na jaribio: lataja kitu chenyewe baada ya kupimwa. *Kibo* ni la Wachaga wenyewe, na Rebmann aliandika ya kuwa waliuita mlima hivyo kwa ajili ya theluji iliyoko juu yake. Wengine hulieleza jina hilo kwa madoadoa, yaani weupe juu ya weusi wa mwamba. Hatimaye yako maneno mawili ambayo Kiswahili cha leo hutumia. *Theluji* ni Kiarabu, na *barafu* ni Kiajemi. Katika Kiajemi neno hilo lina maana ya theluji, lakini Kiswahili kimelipeleka kwenye maji yaliyoganda. *Baridi* nalo lina ndugu yake katika Kiarabu, *barad*, yaani mvua ya mawe. Basi lugha ya watu wa pwani, ambao theluji haianguki kwao, ilipata jina la theluji kwa njia ya bahari, huku theluji yenyewe ikionekana barani kwa mwendo wa majuma mawili kutoka Mombasa.

Wakikuyu, waliouona weupe wa Mlima Kenya, walitumia neno *ira*, ambalo pia ni jina la udongo mweupe unaopakwa mwilini katika sherehe zao. Wao nao waliutaja weupe wa juu kwa jina la kitu kitokacho ardhini. Yaonekana ya kuwa mtu akikutana na weupe asioujua hutafuta mfano wake katika mwamba na udongo; mmoja aliona udongo wa sherehe, na mwingine akaona fedha.

Kama dhana ya fedha ilikuwa na kasoro, kasoro hiyo haikuwa mahali ambapo wengi hudhani. Fedha ya asili, ile iliyofanyizwa na ardhi yenyewe bila mkono wa mtu, ipo duniani, na vipande vyake vizuri hutafutwa sana na wakusanyaji wa mawe. Vilivyosifiwa kuliko vyote vilitoka Kongsberg katika Norwei, ambako fedha iligunduliwa mwaka wa 1623. Huko hutokea kama nyuzi zilizojipinda na kusokotana ndani ya mwamba. Lakini fedha ina tabia moja ambayo dhahabu haina. Dhahabu ikilala mtoni au mwambani miaka elfu, mng'ao wake haubadiliki. Fedha ikikutana na hewa yenye salfa, huingia weusi, na salfa yatoka katika shimo la Kibo lenyewe hata leo. Mwenye bangili ya fedha ajua ya kuwa asipoisugua huwa nyeusi. Mlima wa fedha, basi, ungekuwa mweusi. Weupe wa fedha ni kazi ya sonara na ya kitambaa cha mvaaji. Na waliouona mlima wakaitaja fedha walikuwa wakikumbuka pambo lililokwisha kusuguliwa.

Wala mwamba wa Kilimanjaro si mahali pa kuyatafuta madini hayo. Ni mlima wa volkano ambao umri wake hauzidi miaka milioni 3 hivi, uliojengwa kwa lava na majivu. Dhahabu ya Tanzania imo katika miamba ya kale sana: Geita na nchi nyingine za kusini ya ziwa Viktoria, Sekenke, ambako machimbo yalifunguliwa mwaka wa 1909, na Lupa, kaskazini ya Mbeya. Johari iliyolipa jina eneo la karibu na mlima haikutoka mlimani, bali katika vilima vya Mirerani, nyikani kusini ya Kilimanjaro, ambako mwaka wa 1967 ilionekana ile iitwayo tanzanaiti. Mtu wa Machame aliyetafuta kitu cha thamani alipaswa kugeuza uso na kutazama chini. Lakini hakuna aliyeweza kuyajua hayo kabla elimu ya miamba haijafika.

Habari za Rebmann zilichapishwa London mwaka wa 1849 katika gazeti la wamisionari wake. Mara akainuka William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kufika bara ya Afrika Mashariki, akakana ya kuwa pana theluji. Alikana tena katika kitabu chake cha mwaka wa 1852. Krapf naye aliuona mlima mwezi wa Novemba 1849, lakini ubishi haukwisha. Ushahidi wa wenyeji ulikuwa umechapishwa: kundi lililoangamia, mikono na miguu ya Sabaya, chupa iliyojaa maji. Kwa Cooley hayo yalikuwa ngano. Yule aliyekwenda akarudi na mwili ulioharibika hakusadikiwa, na yule aliyekaa kitako akasikilizwa kwa zaidi ya miaka 10.

Ubishi ulikatwa na Baron Karl Klaus von der Decken. Mwaka wa 1861 alipanda sehemu ya mlima pamoja na Richard Thornton, Mwingereza mjuzi wa miamba. Mwaka wa 1862 alirudi pamoja na Otto Kersten wakafika karibu mita 4,300, na usiku theluji ikawaangukia. Mwaka wa 1864 Royal Geographical Society ya London ilimtunukia nishani ya dhahabu. Hivyo ndivyo weupe wa Kibo ulivyomletea mtu madini ya thamani: si kutoka kileleni, bali mjini London. Mwezi wa Agosti 1871 mmisionari Charles New, akiwa na Tofiki, mtu wa msafara wake, alifika kwenye theluji yenyewe akaigusa kwa mkono.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akaokota jiwe la juu kabisa. Kipande chake alimpelekea Kaisari Wilhelm wa Pili, kikatiwa katika ukuta wa ukumbi mmoja wa kasri la Potsdam, ambao kuta zake zimepambwa kwa makombe na maelfu ya vipande vya madini. Jiwe hilo lilikuwa lava ya kawaida, lisilo na dhahabu wala fedha. Thamani yake yote ilikuwa katika mahali lilipotoka na katika nchi iliyokuwa imetwaliwa. Msafara wa Rengua ulitaka kitu chenye thamani ndani yake. Meyer alitwaa kitu kisicho na thamani, akakipa thamani kwa kukitwaa.

Mwaka wa 2000 walipanda wakusanyaji wa namna nyingine. Lonnie Thompson na wenzake wa chuo kikuu cha Ohio State walitoboa barafu ya Kibo mpaka kwenye mwamba, wakatoa nguzo 6 za barafu. Zikateremshwa zikiwa bado zimeganda, zikapelekwa Marekani, na huwekwa katika ghala la baridi. Walipozichunguza walikadiria ya kuwa barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Basi weupe ule umeteremshwa bila kuwa maji, na umewekwa kama sonara awekavyo fedha, chini ya kufuli. Nao wahitaji kuwekwa, maana katika mlima wenyewe wapungua: kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Kama jina Kibo ni la weupe, huenda ikafika siku ambayo jina litabaki na kitu chake hakipo, na mtoto wa Machame ataelezwa maana ya jina la mlima wake kwa habari tu, kama babu zake walivyoelezwa theluji.

Watu wa Machame hawajaacha kupanda. Mojawapo ya njia za kwenda kileleni huanzia kwao na huitwa kwa jina la nchi yao, na wapagazi huchukua mizigo ya wageni wakipita msituni hadi kwenye mawe na baridi. Katika Kiswahili cha leo neno *fedha* limekuwa na maana ya mali ya matumizi kuliko ya madini, na kwa maana hiyo mlima umetoa fedha. Wapandao sasa wana viatu, wana nguo nzito, na wana neno theluji. Kundi la Rengua halikuwa na hata kimoja katika hivyo vitatu, nalo lilikwenda. Inapoandikwa orodha ya waliouchunguza weupe wa Kibo, haifai ianze na Rebmann aliyeuona kwa mbali, wala na Decken aliyeangukiwa nao usiku. Na ianze na Sabaya, ambaye alikuwa wa kwanza kuleta habari zake kutoka juu, na kwa wenziwe ambao majina yao hayakuandikwa.